Goti Limekataa Kuruka

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 20, naishi Ujiji. Tangu darasa la nne nacheza sarakasi, na ndoto yangu ilikuwa mashindano ya jimnastiki. Mwaka jana nilitua vibaya kwenye saruji, goti likateguka, daktari akanikataza kuruka. Watoto wa mtaani bado wananifuata jioni niwafundishe. Mama anasema niachane na michezo. Nifanyeje?
Binti wa Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Usiwaache hao watoto.

Olimpiki ya Montreal 1976 watu wanamkumbuka Nadia Comăneci, mwanajimnastiki wa Romania. Mimi namkumbuka pia Nellie Kim, msichana aliyekulia Chimkent, Kazakhstan. Alipata 10, alama ya juu kabisa wakati huo, kwenye kuruka farasi (kifaa cha kurukia) na nyingine kwenye mazoezi ya sakafuni, akaondoka na dhahabu 3. Moscow 1980 akaongeza 2, kisha akastaafu akiwa na miaka 23, amekuzidi kidogo tu. Akafundisha, akawa mwamuzi, na kuanzia 2005 hadi 2016 akaongoza kamati ya ufundi ya wanawake ya shirikisho la kimataifa la jimnastiki. Ndipo 2006 zikaja kanuni mpya zilizoiondoa ile 10 aliyoipata yeye mwenyewe!

Wewe anza na jicho la mwamuzi. Wapeleke watoto ufukweni, kwenye mchanga mbichi karibu na maji, mbali na dagaa walioanikwa. Okoteni kwanza vigae na mawe. Mtoto akitua, usimtazame usoni, inama usome nyayo. Mashimo mawili yaliyokaa sawa, ametua vizuri. Unyayo mmoja umesogea kidogo, mwamuzi anakata 0.1. Hatua kubwa, 0.3. Alama ya makalio, pointi nzima imekwenda. Andika kwenye daftari, jina na tarehe, kila jioni.

Na wafundishe kutua kabla ya kupinduka: magoti yakunjwe, yasiingie ndani. Nimefundisha michezo sekondari miaka mingi, nami mwanzoni nilitanguliza mipinduko kwa sababu ndiyo inayopigiwa makofi. Wanafunzi wangu wawili waliumia. Najuta mpaka leo.

Mkifika kumi na kitu, andikeni katiba ya klabu, mwone afisa michezo wa manispaa akuelekeze usajili. Uongozi wa michezo huanzia kwenye makaratasi hayo.

Mama naye mwalike jioni moja. Mpe daftari, umwachie yeye asome nyayo.