Mkuu usitoe hata senti kwa hiyo Abarth 595

Mkuu uliyeko Milano unayetaka Fiat Abarth 595 ya 1966, ile Fiat 500 ndogo iliyoongezewa nguvu na kampuni ya Abarth, umeuliza historia ya kampuni, spea na ushuru wa kuileta Dar, ila hiyo "muuzaji kanihakikishia injini ni cc 594" imenitoa jasho. Mimi niliambiwa hivyohivyo. Na kweli zilikuwa 594, hapo ndo nilipopigwa.

Historia nakupa maana wizi umejificha humohumo. Carlo Abarth, mzaliwa wa Vienna, alianzisha kampuni 1949 pale Bologna, baadaye wakahamia Torino. Yule nge kwenye nembo ni nyota yake ya kuzaliwa. Mashindano walishinda sana, lakini ugali ulitoka kwenye ekzosi na vifaa vya kuongezea Fiat nguvu. Una Fiat 600 yako ya baba wa familia, unanunua sanduku la vifaa, fundi wako anafunga, jumatatu unapita watu barabarani. Umenisoma? Kiwanda chenyewe kilikuwa kinauza Abarth vipandevipande! Kwa hiyo unaweza kukuta ekzosi orijino, sampo (bakuli la oili chini ya injini) orijino, nembo orijino, na gari ni Fiat 500 ya kwendea sokoni.

Sasa mimi nilitoa yuro 23,000. Dalali Mbongo mwenzangu, eti kakaa Torino miaka 20, "kaka" nyingi mpaka nikaona aibu kumuuliza makaratasi. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Kiitaliano, kafungua, kapima upana wa silinda, 73.5 mm. Fiat 500 ya kawaida ni 67.4, 595 halali ndo 73.5, nikaanza kuchekelea kama mtu mkeka umetiki. Mzee kachukua brashi, kasugua grisi kwenye bloku, namba inaanza na 126 A. Akaniangalia kama anayeniletea taarifa ya msiba. Ni injini ya Fiat 126, gari lililotoka 1972, nalo lina 73.5 hiyohiyo na cc 594 hizohizo!! Gari ya 1966 ina injini ambayo ilikuwa haijazaliwa. Wife anaiita bajaji yenye milango na sibishani naye, kwanza bajaji ingeniingizia hela.

Nikampigia dalali, jibu lake: "kaka si ulitaka 594?" Halafu akaniblock. Nasikia siku hizi anauza viwanja, nawaombea wateja wake.

Na usije ukasema utaangalia namba ya chasisi, hata 595 halali ilijengwa juu ya bodi ya Fiat 500 kwa hiyo chasisi ni ya Fiat tu. Cha kufanya ni kimoja: CHETI KWANZA HELA BAADAYE. Stellantis, kampuni mama ya Fiat, wana kitengo chao cha magari ya zamani Torino, kinaitwa Heritage, wanakagua Abarth na kutoa cheti cha uhalisia. Mwambie muuzaji aipeleke yeye, gharama mgawane, akianza kununa eti humuamini, ondoka zako hata kama ulishamzoea.

Leo hiihii nenda kapige picha namba ya injini uitupie hapa. Sio nembo mkuu, NAMBA. Na ukikuta kifuniko cha injini kule nyuma kimeegemezwa wazi kama zile za mashindano usishangilie, changu kilikuwa hivyohivyo na kilipendeza kweli.