Dau lililotumika: usitoe pesa kabla halijalala majini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wiki hii wamenijia dada wawili wa hapa shehiani kwetu, wanataka kununua dau la kubebea mwani, wameshaliona na wameshalipenda, limepakwa rangi ya buluu na nyeupe linang'ara, na muuzaji kawaambia wafanye haraka kwa sababu kuna mtu mwengine yuko na pesa mkononi. Nikawaambia dada zangu subirini kwanza. Maneno hayo hayo niliambiwa mie miaka sita nyuma na nikayaamini.

Sie huku Micheweni, Pemba, akina mama wengi ni wakulima wa mwani. Zamani ulikuwa unasubiri maji yatoke unakwenda kwa miguu, unafunga kamba zako, unarudi na gunia kichwani. Saivi maji ya kina kifupi yanapata moto sana, mwani wa kotonii, aina moja ya mwani tunaolima, unaingia ugonjwa, unageuka mweupe unalainika unakatika wote, kwa hivyo anaetaka kotonii inabidi asogee kwenye maji marefu na huko bila chombo hufiki. Ndio maana akina mama ambao hawajawahi kushika kasia leo wanatafuta madau. Dau jipya ni ghali, kwa hivyo tunaangukia kwenye yaliyotumika, na sio vibaya, lakini lazima ujue kuangalia.

Dau letu la kwanza tulinunua watatu, tukachanga milioni moja na laki mbili, pesa za mwani za msimu mzima pamoja na za mchezo wetu wa kuchangiana. Tulikwenda asubuhi maji yametoka, dau limekaa juu ya mchanga, zuri, rangi mpya hata haijakauka vizuri. Tukalizunguka, tukaligonga gonga kwa mkono, tukalipa siku ile ile. Wiki ya pili tunarudi na mwani mbichi, nao mwani mbichi ni mzito jamani, maji yakaanza kuingia chini kwa kasi kuliko tunavyoyakumba kuyatoa nje. Tulimwaga gunia zote baharini ndio tukafika, na mmoja wetu hajui kuogelea kabisa. Fundi alipolikwangua ile rangi akakuta vipande vya bati vimepigiliwa na kupakwa lami, na ubao wa pembeni mwa mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, ukiusukuma kwa kisu kinaingia kama kwenye muhogo uliochemka.

Kwa hivyo la kwanza, rangi mpya kwenye chombo kinachouzwa isikufurahishe, ikutie wasiwasi. Simaanishi kila aliepaka rangi ni mwizi, watu hupaka ili chombo kipendeze kama unavyopaka nyumba, lakini rangi inaficha, na wewe mgeni wa vyombo ndio huoni. Mwambie muuzaji kwa adabu kwamba utataka fundi wako akwangue sehemu mbili tatu kwa chini. Akikataa, ondokeni, msibishane nae.

Na fundi awe wako, sio wa kwake. Hili nalisisitiza sana. Muuzaji atakwambia fundi yupo hapa hapa pwani, atakuangalilia bure. Yule fundi wanakula nae kila siku, kesho atataka kazi kwake, wewe hakujui. Sie mara ya pili tulimfuata mzee mmoja fundi wa vyombo ambae hana uhusiano wowote na muuzaji, tukamlipa nauli na posho ya siku mbili, na ile posho ndio pesa iliyotumika vizuri kuliko zote.

Nendeni siku za bamvua, zile maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida. Huku kwetu bamvua maji hutoka kwenye saa nne asubuhi hivi na yanatoka mbali, chombo kinakaa mkavu kabisa, una saa kadhaa za kukiangalia mpaka chini ya mkuku kabla maji hayajarudi. Chukua kisu chenye ncha, tochi na kitambaa. Kisu unachoma polepole kwenye maungio ya mbao, pembeni mwa mkuku, na ndani kwenye ngama pale maji yanapotuama, ubao mzima unakataa ncha na mbovu unaikaribisha. Angalia vichwa vya misumari, ukiona machozi ya kutu yanashuka chini ya kila msumari basi misumari imeliwa, na msumari ulioliwa haushiki ubao hata ubao wenyewe uwe wa mvule. Tafuta vitundu vidogo vidogo kama vya sindano. Wadudu wa baharini wanaotoboa mbao huingia kwa tundu dogo halafu ndani wanachimba njia ndefu, nje ubao unaonekana mzima na ndani umekuwa kama sega la nyuki. Ndio maana wenye vyombo vyao wanaovitunza huvipandisha kila baada ya muda, wakavichoma chini kwa moto wa makuti wakapaka shahamu upya, yale mafuta mazito ya kulinda ubao. Muulize muuzaji mara ya mwisho alikichoma lini, na umtazame anavyojibu.

Halafu ingia ndani ushike mataruma, zile mbavu za ndani za chombo, moja moja uyatikise. Taruma likicheza, au likiwa limepasuka likafungwa kwa waya, hesabu hiyo ni kazi kubwa inakuja, kwa sababu taruma ndio linashika mbao zote pamoja. Fundi wetu alikuwa anagonga kwa mpini wa nyundo na kusikiliza, penye mlio mzito wa kufa anaweka alama ya mkaa. Tulihesabu alama saba.

Boti za faiba sina uzoefu nazo sana, ila jambo moja nimeliona kwa shemegi yangu: ule ubao wa nyuma inapofungwa mashine, ndani yake huwa ni mbao iliyofunikwa faiba, na maji yakiingia kwenye tundu za boliti unaoza ndani kwa ndani. Shika mashine juu uivute na kuisukuma, ubao ukinyumbuka pamoja nayo usinunue.

Sasa hapa ndio pale nilipotaka kufika, na watu wengi hawapafanyi. Chombo ukishakiangalia kikavu, kiangalie majini, na sio nusu saa, kilaze. Hili dau letu la sasa ni la kijivu, baya la sura, lilikuwa limekaa juani miezi mitatu mwenyewe anaumwa. Tulipolishusha maji yalipojaa, saa ya mwanzo liliingiza maji mpaka nikamwambia fundi twende zetu, sitaki kurudia yale yale. Akanambia mwanangu tulia, mbao zimekauka zimesinyaa, ziache zinywe maji zivimbe, kesho utaniambia. Tukakumba maji yote, tukalifunga, tukalala kwa watu. Asubuhi yake kulikuwa na maji nusu ya ngama. Tukakumba tena tukalilaza usiku wa pili, na asubuhi ile maji yalikuwa hayajai hata kata moja. Yaani lile zuri la buluu lilikuwa linaingiza maji kila siku zaidi, na hili baya likawa linajifunga lenyewe. Tofauti hiyo huwezi kuiona kwa siku moja hata uwe na macho gani. Kwa hivyo chombo kilichokuwa juu kikavu kipe siku mbili, lakini kilichokuwa majini siku zote kikaendelea kuvuja kwenye maji yaliyotulia, hicho hakina udhuru.

Bado usiku wa pili usikufanye umalize. Maji yanapokuwa yamejaa litie mzigo, tulitia mifuko ya mchanga, kwa sababu ubao unaokaa juu ya maji chombo kikiwa kitupu unakuwa chini ya maji ukipakia, na kalafati ya huko juu, ile pamba ya kuzibia maungio ya mbao, huwa haiangaliwi na mtu.

Kama kuna mashine ya kuuzwa pamoja nayo, fika bila kupiga simu ya dakika za mwisho na uishike kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto ameshaiwasha kabla hujaja, labda inasumbua ikiwa baridi. Ikiwaka angalia lile tundu la maji ya kupoozea, lazima yatoke kwa nguvu bila kukatika. Fungua boliti ya chini ya gia utoe oili kidogo, ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa basi sili, ule mpira wa kuzuia maji, imekufa maji ya chumvi yameingia. Fundi wa mashine mwenye geji ya kompresheni apime mgandamizo wa silinda zote, vipimo vyake vinatakiwa vikaribiane sana. Na namba ya mashine iwepo, haijakwanguliwa, mashine zinaibiwa sana pwani na hutaki kununua kilio cha mtu.

Karatasi. Hapa tulikaa siku tisa. Muuzaji wetu ni mtu mwema wallahi, lakini dau lilikuwa la marehemu baba yake, na sheha, kiongozi wa shehia, alipotukalisha akauliza swali moja tu, warithi wengine wako wapi? Kumbe kuna dada yao kaolewa Unguja. Muuzaji akasema dada hana neno, sheha akasema basi aseme mwenyewe. Tukasubiri karatasi yake ije na boti, ndio tukasainishana mbele ya sheha na mashahidi wawili. Vyombo vingi huku ni vya mirathi au vya shirika, mtu ana robo, mwengine ana nusu, nahodha nae ana fungu lake, kwa hivyo uliza hata kama unaona aibu kuuliza. Kisha muulize usajili wake wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar na uhamishe jina, usiliache dau lako linaitwa la mtu mwengine. Na kwenye ile karatasi ya mauziano andikeni vitu vyote, tanga, foromali (ule mti wa kufungia tanga), nanga na kamba yake, makasia, pondo la kusukumia. Sie hatukuandika nanga, na tulipokuja kulichukua dau nanga haipo.

Bei fundi aliiandika kwa kijiti mchangani. Mataruma matatu ya kubadilisha, kalafati upya chini yote, misumari, shahamu, siku zake za kazi. Akajumlisha akatoa kwenye bei aliyotaka muuzaji, na muuzaji mwenyewe amesimama pale anaona, hakukuwa na kelele. Pesa iliyobaki tukanunulia jaketi okozi tatu. Hizo msizinunue kuukuu.

Kesho kutwa bamvua inaanza. Nimewaambia wale dada tukutane pwani saa tatu na nusu, waje na kisu na tochi, pesa waiache nyumbani. Mzee fundi nishampigia, kakubali kuja, ila anataka alale siku mbili.