RAM zaidi haiipi kasi emuleta

SWALI: Laptopu yangu ina prosesa ya ARM. Nimeweka Windows 98 ndani ya QEMU (emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta nyingine) nifungue programu ya zamani ya stoo, lakini inajikokota. Nikaigawia kore 4 (viini vya prosesa) na RAM ya GB 2, sasa haiwaki kabisa. Nimepewa kiungo cha "kiongeza kasi" na faili la diski (linalotumika kama diski kuu ya kompyuta inayoigwa) lililokwisha andaliwa. Nitumie?

JIBU: Usitumie hata kimoja. Kama umeshapakua, futa.

Rudisha RAM iwe MB 256 na kore 1. Windows 98 husumbua RAM ikizidi MB 512, na ikifika GB 1 mara nyingi haiwaki. Tena haijui kutumia prosesa zaidi ya moja, kwa hiyo kore ulizoongeza zimekaa bure.

Dhana hii nakutana nayo kila mara, na inanichosha: eti emuleta ni chumba, ukikipanua mfumo unapumua. Sivyo! Windows 98 iliandikwa kwa amri za x86 (jamii ya prosesa za Intel na AMD), prosesa yako inaelewa za ARM. QEMU hutafsiri amri hizo fungu kwa fungu, huku ikiiga pia kadi ya video, diski na saa. Tafsiri hiyo ndiyo inayokula muda. KVM, njia ya Linux ya kuuacha mfumo wa ndani utumie prosesa moja kwa moja, huikwepa pale tu prosesa ya mwenyeji (kompyuta yako halisi) na ya mgeni (mfumo ulio ndani ya emuleta) ni za jamii moja. Anayekushauri uwashe KVM kuendesha x86 juu ya ARM hajui anachosema.

Programu ikiwa ya DOS (mfumo wa kabla ya Windows), hamia DOSBox, emuleta ya programu za DOS. Ikidai Windows, vumilia au tafuta kompyuta ya x86.

Sasa hao wauza kasi. Kazi ya kutafsiri inafanyika ndani ya QEMU yenyewe. Programu ya pembeni haina pa kuishika. Inachoomba ni nywila ya msimamizi wa kompyuta yako halisi, nanyi mnaitoa! Na faili la diski la mtu usiyemjua ni mfumo mzima alioupanga yeye, pamoja na chochote alichokificha humo. Windows 98 haijapata viraka vya usalama tangu Julai 2006, halafu watu wanaingiza humo hesabu za biashara na majina ya wateja. Sakinisha kwa CD yako mwenyewe, kata mtandao wa mgeni kwa "-nic none", na uuzime mfumo huo kabla ya kunakili faili lake la diski, maana nakala iliyochukuliwa mfumo ukiwa bado unawaka inaweza kugoma siku unapoihitaji.