Kabla Hujaitisha Dawa: Kwa Skauti Mpya wa Waridi Naivasha

Wiki yangu ya tatu nikiwa skauti, yaani mkaguzi wa wadudu na magonjwa shambani, niliandika kwenye fomu "majani yamechomwa na dawa", nikaenda zangu kula. Ilikuwa Aprili, mvua imepiga siku nne mfululizo, na kwenye vitanda vya kona majani yalikuwa na mabaka ya zambarau yanayoelekea hudhurungi. Juzi yake kivungulio kile, yaani nyumba ya plastiki ya kukuzia waridi, kilikuwa kimepigwa dawa, kwa hiyo jibu lilijileta lenyewe. Siku tatu baadaye majani yalikuwa chini. Majani mazima, mengine bado mabichi, yametandazwa njiani kama mkeka na mashina yamebaki uchi. Kumbe ulikuwa ubwiri vinyoya, ule ambao shambani tunauita dauni. Supavaiza wangu hakunigombeza. Aliokota jani moja, akaligeuza, akanipa lenzi niangalie mwenyewe.

Wewe uliyetolewa kwenye kuvuna juzi ukapewa lenzi ya mara kumi na bunda la fomu, usione aibu kuchelewa kujaza. Fomu yako ndiyo inayoamua lita mia ngapi za dawa zitachanganywa kesho, na dawa isiyo yake haitibu kitu.

Nianze na dauni, maana ndiyo iliyonifunza adabu. Mabaka yake yana kingo zilizonyooka, kwa kuwa huzuiwa na mishipa ya jani. Kuungua na dawa hakujali mishipa: hufuata pale tone lilipotua, au ncha ya jani ambako maji hujikusanya. Tena kuungua huonekana karibu nyumba nzima kwa wakati mmoja, ilhali dauni huanzia mahali, mara nyingi chini ya mfereji unaovuja au penye plastiki iliyotoboka. Geuza jani asubuhi na mapema utaona vinyoya vya kijivu, hafifu sana. Ukija saa tano jua limeshavikausha na utaapa hakuna kitu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapotegwa na Naivasha yenyewe. Tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Mchana ndani ya plastiki unatokwa jasho, usiku baridi inashuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Plastiki ikipoa, unyevu wote wa mchana unageuka matone yanayodondokea majani, na jani likikaa limelowa saa kadhaa, dauni imepata ilichokuwa ikingoja. Ugonjwa huu unapikwa usiku wewe ukiwa umelala, na unapoingia saa nne huku umekunja mikono ya shati kwa joto, huwezi kuudhania. Ndiyo maana nasema anza saa moja, na kabla ya kutazama mmea tazama plastiki juu ya kichwa chako. Ikiwa inadondosha maji, andika hilo pia. Wakati mwingine tiba ya kwanza ni mtu wa mapazia kuyafungua mapema kidogo unyevu utoke, na majani yaliyoanguka kuzolewa na kutolewa nje, si kusukumwa chini ya vitanda.

Halafu kuna ubwiri unga, yaani poda. Majina yanafanana, magonjwa hayafanani kabisa. Poda haihitaji jani lilowe; unyevu wa hewa usiku na ukavu mchana vinaitosha. Hukaa juu ya majani machanga yale mekundu, kwenye shingo ya ua, hata kwenye miiba, na jani hujikunja kama kijiko. Usiichanganye na chumvi iliyokaukia ya mbolea inayopulizwa kwenye majani: chumvi huacha duara za matone, tena upande ulioelekea bomba tu. Kwa lenzi, poda ni nyuzinyuzi.

Kwa nini nakazania tofauti? Kwa sababu kinacholeta dauni si kuvu halisi. Ni jamii moja na kile kinachounguza viazi vya Kinangop mvua ikizidi, kwa hiyo dawa nyingi za poda kwake ni kama maji. Poda hudhibitiwa vizuri na salfa, iwe ya kupuliza au ya kuchemshwa kwenye vyungu vya umeme usiku, milango imefungwa na hakuna mtu ndani. Lakini salfa kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi huunguza majani, na ikikutana na dawa za mafuta zilizopigwa ndani ya wiki mbili huharibu vilevile. Soma daftari la dawa zilizopigwa kabla hujasema "wekeni salfa".

Januari ni habari nyingine. Jua kali, vumbi, na kila mtu anahesabu siku kuelekea Valentine. Huo ni msimu wa utitiri mwekundu, spaida. Huanzia majani ya chini, karibu na milango na njia zenye vumbi, kwa vidoa vya njano vidogo kama vya kudungwa na sindano. Ukisubiri kuona utando, umechelewa. Kwenye joto la nyuzi 30 yai linakuwa utitiri mzima kwa wiki moja hivi, na jike mmoja hutaga zaidi ya mayai mia. Shika karatasi nyeupe, kung'uta tawi juu yake, hesabu vinavyotembea. Kisha geuza jani uhesabu mayai, kwani dawa kadhaa huua vinavyotembea na kuacha mayai, na siku chache baadaye utaulizwa mbona wamerudi.

Na usiwaandike rafiki kama adui. Kuna utitiri mlinzi, Phytoseiulus, tunaoununua kwa pesa na kuusambaza vitandani. Una rangi ya chungwa inayong'aa, umbo la tone la maji, na mbio. Spaida hana haraka, na ana madoa mawili meusi mgongoni. Nimeshuhudia kivungulio kikipigwa dawa kali kwa sababu skauti alihesabu walinzi akadhani ni mlipuko. Mwezi mmoja baadaye spaida walijaa mara dufu, hakuna wa kuwala.

Vithiripi, wadudu wadogo wembamba, utawaona kwenye kadi za bluu zenye gundi ya kuwanasa na ndani ya ua: petali zimebabuka kingo, na vinukta vyeusi vya kinyesi chao. Ukungu wa kijivu, botraitisi, unakera kwa sababu unaweza kuondoka Naivasha ukiwa doa dogo kwenye petali na kufika mnadani Uholanzi ua limeoza. Ukiona nondo au kiwavi ndani ya tumba, usiendelee na mzunguko. Piga simu hapo hapo. Tangu Aprili 2025 Ulaya imekaza masharti ya waridi kuhusu nondo anayetoboa matumba, na kiwavi mmoja anatosha kurudisha mzigo.

Kwenye chupa nyingi za dawa kuna namba ya kundi, inayoonyesha jinsi dawa inavyoua. Mkipiga kundi lilelile wiki baada ya wiki kwa majina tofauti ya dukani, hamjabadilisha kitu. Skauti hachagui dawa, lakini akiandika kwamba kundi la 6 limepigwa mara mbili na hesabu haijashuka, mtaalamu ana pa kuanzia.

Utasukumwa. Wakati wa Valentine msimamizi atakutaka uingie kabla muda wa kuzuia watu kuingia baada ya dawa kupigwa haujaisha, eti ni kutazama tu. Kama bendera nyekundu ipo mlangoni, kaa nje. Mapafu ni yako.

Kuhusu mzunguko: anza na vivungulio safi, malizia na vichafu, na koti ulilovaa penye spaida usirudi nalo kwenye safi. Funga utepe palipo na tatizo, uandike kitanda na tarehe juu yake. Siku tatu baada ya dawa kupigwa, rudi kwenye utepe uleule, si kwenye shina la jirani linaloonekana zuri, ugeuze jani.