Shangazi, nijifanye chambo nimnase muuaji?

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mpelelezi wa kujitegemea, na ni mwanamume ninayependa wanaume. Mama mmoja alinipa kazi ya kumtafuta mwanawe aliyetoweka. Nikagundua wenzangu wawili walitoweka vilevile, na wote watatu walikuwa wakichati na mtu mmoja. Polisi wananiambia mtu mzima akihama hana kosa. Nimefungua akaunti ya uongo, na huyo mtu anataka tuonane Jumamosi. Mpenzi wangu anasema nikienda nisimkute nyumbani. Halafu mama wa watu hajui mwanawe alikuwa shoga. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Jumamosi huendi. Natanguliza hilo kwa sababu watu wa aina yako husoma mistari miwili wakakimbilia viatu.

Kwamba huwaamini polisi, sikulaumu. Kule Toronto wanaume walianza kupotea mtaa wa mashoga mwaka 2010. Uchunguzi ukafunguliwa 2012, Bruce McArthur akahojiwa 2013 na kuachwa, jalada likafungwa 2014. Desemba 2017 mkuu wa polisi bado alikuwa akisema ushahidi hauonyeshi muuaji wa mfululizo. Mwezi uliofuata McArthur akakamatwa, na 2019 akakiri kuua wanaume 8.

Lakini nataka uitazame zaidi ile ya London. Kati ya 2014 na 2015 Stephen Port aliua vijana 4 kwa kuwazidishia GHB, dawa ya kulevya inayotiwa kwenye kinywaji. Wa kwanza aliachwa nje ya jengo alimoishi Port, watatu waliofuata wakapatikana makaburini kwa kanisa au jirani yake. Mmoja alikutwa na barua ya kujiua. Kumbe mwandishi ni Port mwenyewe! Polisi hawakuviunganisha vifo hivyo. Dada wawili wa kijana wa mwisho ndio waliokaa wakalinganisha kifo cha ndugu yao na vile vilivyotangulia, wakawasumbua polisi hadi jambo likasikika. Hawakumwinda mtu gizani. Na wale vijana, kumbuka, kila mmoja alidhani anakwenda kukutana na mtu wa kawaida. Wewe unakwenda ukijua, sawa, lakini kujua hakukingi kinywaji.

Huna pingu wala mamlaka ya kumkamata. Akikushtukia, atasafisha nyumba na kutupa simu, na kazi yako yote imekwisha. Ulichonacho wewe ni kwamba mashahidi wanakufungukia, jambo ambalo askari hatalipata kwa mwaka mzima. Basi liandike: nani alionekana mara ya mwisho wapi, tarehe gani, jina lipi la akaunti. Mazungumzo yako na huyo mtu usiyafute hata neno, na wala usifiche kwamba akaunti ni ya uongo. Liseme mwenyewe kabla wakili wake hajalisema. Nenda na mwanasheria, dai mkubwa wa wapelelezi, peleka majina matatu kwa pamoja, urudi na nakala iliyogongwa muhuri. Ila kabla ya kuandika jina la shahidi yeyote, muulize. Wapo watakaopoteza kazi au ndoa, na wengine uhuru wao, kutegemea sheria ya wanakoishi.

Kuhusu mama, hapa nimesita sana. Siri ya mwanawe haikuwa yako, lakini sasa imo ndani ya jalada, na jalada likifunguliwa atalisikia kwa askari au gazetini. Heri alisikie kwako, mkiwa mmekaa wawili. Mwambie alikuwa akikutana na wanaume, na kwamba huenda mmoja wao ndiye aliyemdhuru. Mengine usimwage. Akikufukuza, ondoka, akikuita tena, rudi.

Sasa lile ambalo hukuniuliza. Ulipewa kazi ya kumtafuta mtoto wa mtu, lakini barua yako inasema "wenzangu wawili". Nadhani unakwenda Jumamosi kwa sababu wao wamepotea na wewe upo, na kuwepo huko kunakuchoma. Hilo mpenzi wako ameliona kabla yangu, ndiyo maana anatishia kuondoka. Usimjibu kwa habari za kesi. Mwambie umemwogopea nani, na umemlilia nani. Kisha mpe simu yenye ile akaunti ailaze kwake mpaka asubuhi ya kwenda kwa mwanasheria.

Ukishagongewa muhuri, niandikie.