Chanjo ya ndigana kali inaweza kukinga magonjwa mengine?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nafuga ng'ombe wa maziwa hapa Busia, upande wa Uganda. Mwaka jana ndama wangu walichanjwa ndigana kali, ule ugonjwa hatari unaoletwa na kupe. Tangu hapo si ndigana tu iliyopotea, hata homa za hapa na pale, kuhara na kukohoa vimepungua. Ndama wa jirani ambao hawakuchanjwa wanaugua kila mara. Je, chanjo moja inaweza kukinga magonjwa isiyohusiana nayo? Kama ndivyo, kuna haja gani ya kulipia chanjo ya miguu na midomo na ya mapele ngozi? Tena nina ndama wawili waliozaliwa baada ya zoezi lile. Nao wanahitaji?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Inaweza, ila ulichokiona zizini kwako kina sababu kadhaa, na hakuna hata moja itakayowakinga ng'ombe wako na miguu na midomo.

Kumbuka siku ya chanjo. Mtaalamu alitoa mrija mwembamba kwenye mtungi wa naitrojeni unaofuka moshi mweupe, akauyeyusha, akamchoma ndama chini ya ngozi karibu na sikio. Kisha akamchoma sindano ya pili kwenye msuli. Ile ya kwanza ina Theileria parva hai, kijidudu kilekile kinachoua. Ya pili ni oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu, inayokizuia kisizidi nguvu huku mwili ukijifunza kupambana nacho. Dawa hiyohiyo ndiyo tunayotibia ndigana baridi na maji moyo, magonjwa mengine ya kupe, na nimonia nyingi. Kwa hiyo siku za mwanzo ndama wako walikuwa wamekingwa na antibiotiki. Lakini dawa hiyo huisha mwilini baada ya siku kadhaa, haiwezi kueleza afya ya mwaka mzima.

Sababu ya pili naiona nzito zaidi. Kijidudu cha ndigana kali huishi ndani ya chembe nyeupe za damu, askari wenyewe wa mwili. Huzilazimisha zizaliane ovyo, ndipo unaona matezi chini ya sikio na mbele ya bega yamevimba. Baadaye chembe hizo huharibiwa kwa wingi. Ndama aliyeponea chupuchupu hubaki dhaifu, na nimonia au kuhara humpata kirahisi. Ukizuia ndigana, umezuia na hayo yanayoifuata nyuma. Wafugaji wa kuku wanalijua jambo hili kwa Gumboro: virusi vyake huharibu kiungo kinachokomaza kinga ya kifaranga, na baada ya hapo hata chanjo ya kideri, ugonjwa mwingine wa kuku, haishiki vizuri.

Sababu ya tatu ndiyo hasa uliyouliza. Chembe za ulinzi wa kwanza mwilini hazichagui adui. Humvamia yeyote anayeingia. Zamani tulifundishwa kwamba hazina kumbukumbu. Mwaka 2011 Mihai Netea wa Uholanzi na wenzake walipendekeza jina la kinga iliyofunzwa, kueleza jinsi chembe hizo, zikishakutana na kijidudu au chanjo fulani, zinavyobaki macho kwa wiki au miezi na kumjibu haraka hata adui wa aina nyingine. Mfano ulio wazi zaidi ni BCG, chanjo ya kifua kikuu. Hapa kwetu Entebbe, katika utafiti wa watoto wachanga 560 uliochapishwa mwaka 2021, waliochanjwa BCG walipozaliwa waliugua maambukizi yasiyo ya kifua kikuu pungufu kwa asilimia 29 katika wiki sita za kwanza, wakilinganishwa na waliosubiri. Ndama nao wamejaribiwa BCG, na chembe zao zilionyesha mafunzo ya namna hiyo.

Ng'ambo tu ya mpaka wako, magharibi ya Kenya, watafiti waliwafuatilia ndama 548 tangu kuzaliwa hadi mwaka mmoja. Wenye ndigana walioambukizwa wakati huohuo aina nyingine za Theileria zisizo kali walikufa kwa ndigana kali pungufu kwa asilimia 89. Hao hata hivyo ni vijidudu vya ukoo mmoja, kwa hiyo usiuhesabu kama ushahidi wa magonjwa yasiyohusiana.

Tahadhari moja kubwa: anayechanja mara nyingi ndiye pia anayeogesha ng'ombe dawa ya kupe kwa wakati, anayetoa dawa ya minyoo na kuhakikisha ndama amenyonya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, mapema. Ukimlinganisha na jirani asiyefanya hayo, chanjo hupewa sifa zote. Huko Afrika Kusini utafiti wa mwaka 2017 ulihusisha chanjo ya kichaa cha mbwa na vifo vichache vya mbwa kwa sababu zote, hasa watoto wa mbwa. Watafiti walipofanya jaribio la kupiga kura nani achanjwe na nani asichanjwe, nafuu ile haikuonekana.

Sasa miguu na midomo. Virusi vyake vina aina saba, na chanjo ya aina O haimkingi ng'ombe dhidi ya aina nyingine iitwayo SAT 2, ingawa ni ndugu wa damu. Kama ndugu hawakingani, usitegemee ndigana ifanye kazi hiyo. Kinga yenyewe hudumu kama miezi sita, basi ofisi ya mifugo ya wilaya ikitangaza zoezi, wapeleke. Mapele ngozi vilevile: lipia, kwa sababu ng'ombe wa maziwa akipata vile vivimbe, maziwa hushuka na ngozi huharibika. Na kuogesha usiache, maana kupe huleta pia ndigana baridi, maji moyo na kukojoa damu.

Ndama wako wawili nao wanahitaji, kinga ya wenzao haiwahamii. Zungumza na huyo jirani mwende pamoja: mrija mmoja una dozi nyingi, na ukishayeyushwa lazima utumike siku hiyohiyo, kwa hiyo mtaalamu huja akijua kuna ndama wa kutosha. Siku hiyo wawe wazima. Mwenye homa au matezi yaliyovimba atibiwe kwanza, achanjwe baadaye.