Kwa wale mtahesabu watu 2029: senta ndogo itawanyorosha

Nyinyi mnaojipanga na sensa ya 2029, skizeni kabla mpewe tableti na ile jaketi. Mi 2019 nilipewa senta moja huku Vihiga, magharibi mwa Kenya, zile za barabara moja, poshomili, kanisa tatu na steji ya boda, nikajiambia siku mbili nimemaliza. Nilimaliza 31 Agosti, siku ya mwisho, miguu imefura.

Shida ya huku ni hakuna pahali senta inaishia. Kaunti yote ni kama kilomita mraba 560 tu na hiyo sensa ilipata watu 590,013, piga hesabu, ni zaidi ya watu elfu moja kwa kila kilomita mraba, sasa unatoka nyuma ya duka unaingia kwa migomba, ukitoka kwa migomba uko kwa boma ya mtu, na hiyo boma imeshikana na ya ndugu yake juu shamba ya babu imegawanywa hadi mtu amebaki na robo ekari. Ramani inakuambia mpaka ni kijito, ukifika unapata mtaro mkavu umepandwa mahindi. Siku ya kwanza tembea tu na mzee wa kijiji akuonyeshe. Na mambo ya mipaka usiulize kwa sauti, hapo Maseno tu Kisumu na Vihiga wamevutana miaka na miaka.

Siku ya soko nayo isikudanganye. Watu watajaa hadi matatu haipiti, jioni wote wameenda kwao. Swali lilikuwa moja, nani alilala hapa usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Na hiyo 24 ilikuwa Jumosi, na mnajua Jumosi huku ni siku ya kuzika, kwa hivyo mgeni wa matanga aliyelala hapo unamwandika hapo, na kijana wa hiyo boma ako Nairobi unamwacha ahesabiwe Nairobi. Wamama waliniwakia sana hapo, ati unamwachaje kijana wangu na nyumba yake si hii unaiona?

Alafu kaya si boma. Unaweza pata mzee na bibi wawili, kila mmoja na jiko yake, na kijana ako na kanyumba kake karibu na geti lakini bado anakula kwa mamake. Uliza nani anakula kwa sufuria gani, utaelewa haraka.

Vyumba vya ploti nenda saa moja jioni, mchana hupati mtu. Kwa maboma nenda asubuhi, mvua ya Agosti huku inapenda mchana na tableti haijui kuogelea.

Kitu ya mwisho, usimuulize mzee "uko na watoto wangapi." Wengi wanaona kuhesabu watoto ni kuwaitia mkosi. Nyanya mmoja nilimuuliza hivyo akasimama akaingia ndani, nikakaa hapo nje na kuku kama nusu saa. Aliporudi nikaomba tu majina ya wale walilala hapo, mmoja mmoja, tableti ijihesabie. Akataja pole pole, na katikati akataja mjukuu wake mwenye kaburi ilikuwa hapo tu kando ya nyumba, udongo bado mwekundu. Niliandika. Nilikuja kufuta nikiwa barabarani, si mbele yake.